Mashahidi Sita Ndani ya Wingu

Julai jijini Nairobi ni mwezi wa wingu. Asubuhi nyingi huamka na dari la kijivu lililotanda kutoka Limuru hadi nyanda za Athi, na jua husubiriwa mpaka saa sita au saa saba mchana. Kwa wanafunzi wa urubani katika uwanja wa Wilson, hizo ni asubuhi za kukaa benchini na kunywa chai, maana anayejifunza kuruka kwa kutazama ardhi haruhusiwi kuingia mahali ambapo ardhi haionekani. Mwalimu wa kuruka kwa vyombo, yeye huzingoja. Nilimwona mmoja wao, mzee ambaye wanafunzi wake humwita Kapteni tu bila kuongeza jina, amesimama nje ya hanga, uso ameuinua juu, kimya, kwa dakika kadhaa. Alikuwa akichagua wingu.

Wingu huchaguliwa, na kulichagua ndiyo hatua ya kwanza ya ufundi huu. Liwe limelala tambarare, na hewa yake iwe tulivu. Yale yanayorundikana kwenda juu na kuzaa radi hayaingiwi na ndege ndogo kwa hali yoyote, awe rubani ni mwanafunzi au mkongwe. Kitako cha wingu kiwe juu ya ardhi kiasi cha kutosha, ili ndege inaposhuka iione nchi mapema. Kilele chake kisiwe mbali, ili mambo yakienda mrama mtu apande atokee juani. Baridi nayo hupimwa, kwa kuwa barafu ikishika mabawa huharibu umbo lake, na bawa lililoharibika umbo halibebi. Hapo Nairobi ina neema: katika tropiki maji hayaanzi kuganda angani mpaka karibu futi 15,000 au 16,000, na wingu la Julai huishia chini sana ya hapo. Wanaojifunza Ulaya wakati wa kipupwe hawana nafasi hiyo. Kisha ipo milima. Vilima vya Ngong vinapita futi 8,000 kidogo, na siku kama hiyo vichwa vyake hufichwa humohumo winguni. "Kwanza niambie mlima uko wapi," Kapteni alimwambia mwanafunzi wake, "ndipo uniambie wingu liko wapi." Waliafikiana kwenda kusini-mashariki, juu ya nyanda ambako ardhi inateremka, na kuiacha Ngong nyuma.

Mwanafunzi ni binti aliyekwisha kuruka peke yake, anayejua kutua upepo ukivuma kwa ubavu, na aliyekuwa na saa kadhaa za vyombo akiwa amevaa kofia ya mafunzo, ile yenye ukingo mrefu unaomziba asione nje na kumwachia dashibodi peke yake. Kofia hiyo ina upungufu ambao kila aliyeivaa anaujua. Mwanga hupenya pembeni. Ndege ikikata kona, kivuli cha fremu ya dirisha husogea juu ya magoti, na mwili hupata habari bila kuiomba. Ndani ya wingu hakuna kivuli. Weupe ni uleule pande zote. Kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, zinadai saa 40 za kuruka kwa vyombo kabla idhini ya urukaji huo haijaandikwa kwenye leseni, lakini hazilazimishi kwamba kiasi fulani kiwe cha wingu halisi. Mtu anaweza kuhitimu pasipo kuingia winguni hata mara moja. Kapteni haridhiki na jambo hilo, na mimi baada ya kuona niliyoyaona nasimama upande wake.

Walianza polepole mno, na nilipenda upole huo. Binti alivua kifuniko cha mrija mdogo ulio chini ya bawa, ule unaopokea upepo wa mbele na kuupeleka kwenye kipimamwendo, akachungulia ndani kama hamna nyigu waliojenga. Akawasha kipasha-joto cha mrija huo na kuugusa haraka kwa kidole, akazima. Ndani ya ndege akaiweka altimita kwenye shinikizo la hewa alilopewa na mnara, kisha akatazama kama inasoma kimo cha uwanja wenyewe, ambao uko zaidi ya futi 5,500 juu ya bahari. Hilo si adabu tu ya kufuata orodha. Ukikosea shinikizo kwa hektopaskali 10, altimita itasema uko juu karibu futi 300 kuliko ulipo au chini kiasi hichohicho, na haitaonyesha dalili yoyote ya kuona haya.

Hata walipokuwa wakienda taratibu kwenye lami kuelekea njia ya kurukia, somo lilikuwa linaendelea. Ndege ilipopinda kushoto, Kapteni aliuliza, "Wanasemaje?" Binti akajibu kwa zamu: kipima kona kinaegemea kushoto, namba za mwelekeo zinapungua, kigololo cha kipima kona kimekwenda kulia, upeo bandia umetulia. Walipopinda kulia, akarudia kwa kinyume chake. Chombo kitakachotegemewa juu kilikuwa kikihojiwa ardhini, mahali ambapo macho bado yanaweza kuthibitisha jibu.

Watu wengi husema kwamba rubani aliye winguni aviamini vyombo vyake. Usemi huo una nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki ndiyo ufundi. Kila chombo kina jambo moja kinalolijua vizuri, na kina njia yake ya kudanganya. Rubani hukaa mbele ya vyombo vyake kama kadhi mbele ya mashahidi sita: kila mmoja ameona kipande cha kisa, hakuna aliyeona chote, na hukumu haitolewi kwa maneno ya mmoja.

Shahidi wa kwanza yuko katikati, safu ya juu. Ni upeo bandia, buluu juu na kahawia chini, wenye kimchoro cha ndege kinachokaa kwenye mstari wa kati. Yeye pekee husema kwa mara moja pua imeinuka kiasi gani na mabawa yamelala upande gani. Ndani yake kuna gurudumu zito linalozunguka kwa kasi kubwa, na kitu kinachozunguka kwa kasi hukataa kubadili mkao wake. Ndege huinama, gurudumu hubaki. Katika ndege nyingi za mafunzo, gurudumu hilo husukumwa na hewa inayofyonzwa na pampu iliyoungwa kwenye injini. Pampu ikifa, gurudumu halisimami palepale. Hupunguza mwendo kwa dakika kadhaa, na upeo huanza kulala kwa upole sana, kiasi kwamba anayeutazama peke yake huufuata na kulaza ndege nzima. Uongo wa ghafla hushtua mtu akaamka. Huu wa polepole ndio wa kuogopwa.

Kushoto kwake kipo kipimamwendo. Mrija wake ukiziba kabisa wakati ndege inapanda, mshale huongezeka kadiri kimo kinavyoongezeka, na rubani huambiwa anakimbia kumbe hajaongeza lolote. Kulia ipo altimita, ambayo tumekwisha kuisema. Safu ya chini, kulia, kipo kipima kupanda na kushuka: mkweli, ila mzito wa kujibu, huchukua sekunde sita hadi tisa kabla ya kutulia, na mwanafunzi anayekikimbiza hujikuta anapandisha na kushusha pua bila kufika popote. Kushoto, kipima kona. Hicho hutumia umeme badala ya ile pampu, makusudi, ili mmoja akipoteza nguvu mwingine abaki.

Katikati ya safu ya chini kipo kionyesha mwelekeo, na hapa naomba nikawie kidogo. Nacho kina gurudumu ndani, na huachana na ukweli taratibu, kwa hiyo kila dakika 15 hivi hulinganishwa na dira ya sumaku na kurekebishwa. Sehemu ya mwachano huo hutokana na msuguano wa vyuma. Sehemu nyingine hutokana na dunia yenyewe kuzunguka chini ya chombo, na hiyo hutegemea umbali wako kutoka ikweta. London, kama hakuna marekebisho, ingefika karibu digrii 12 kwa saa. Nairobi, iliyo digrii moja na kitu kusini ya ikweta, haifiki hata nusu digrii. Sijapata kusikia mtu akilisifu jiji letu kwa ajili hiyo, nami naona lastahili.

Waliruka kupitia njia ya 14, nami nikiwa kiti cha nyuma cha ile Cessna 172, Mbuga ya Taifa ikifunguka chini yetu, nyasi zikiwa zimepauka. Kitako cha wingu kilikuwa futi elfu moja na mia chache juu ya ardhi. Mwongozaji wa ndege alishatoa kibali na kutaja mwelekeo na kimo. Kapteni alisema neno moja kabla hatujafika: "Sasa." Maana yake ni kwamba macho yahamie ndani kabla ya wingu kuja, sio baada yake. Anayetazama nje mpaka ukungu umfunike hujikuta anabadili namna ya kuruka katika sekunde ileile aliyopoteza dunia. Binti alikuwa amehamia dashibodi wakati nyasi zilikuwa bado zinaonekana.

Kisha weupe. Kwa dakika moja hivi kila kitu kilikwenda vizuri, mwendo noti 75, kupanda taratibu. Halafu bawa la kushoto likaanza kushuka kidogo kidogo. Mimi sikuhisi lolote, na yeye hakuhisi lolote. Alikuwa amekaza macho kwenye altimita akitafuta kimo alichoamriwa. Kapteni aliona, akanyamaza. Nilihesabu kimoyomoyo nikisubiri aseme, naye hakusema. Macho ya binti yakarudi kwenye upeo, akaona bawa limelala digrii 10, akalinyanyua haraka. Hapo ndipo mwili wake ulipokataa. Mabawa yalikuwa sawa, mashahidi wote wakikubaliana, lakini bega lake lilianza kuegemea kushoto na shingo ikalifuata, maana kila mshipa ulimwambia kwamba ndege imelala kulia.

"Unaegemea wapi, mwanangu?" Kapteni aliuliza.

"Najisikia tunakata kona kulia, Kapteni."

"Wao wanasemaje?"

"Wanasema tuko sawa."

"Wangapi?"

Akataja vitatu: upeo umenyooka, kipima kona kimenyooka, mwelekeo hausogei. Akajiweka wima kwa kujilazimisha, bega limebana.

Kilichomtokea si udhaifu wake. Ndani ya sikio la kila mtu kuna mifereji mitatu ya nusu duara yenye majimaji. Kichwa kikigeuka, kuta za mfereji hugeuka nacho, maji huchelewa, na vinyweleo vilivyomo hupinda na kutoa taarifa. Mgeuko ukiwa wa polepole sana, chini ya digrii mbili hivi kwa sekunde, vinyweleo havipindi na taarifa haitoki. Ukidumu, maji huifikia kasi ya kuta na taarifa hukoma, ingawa ndege bado inazunguka. Ukisimamishwa, maji huendelea mbele, na sikio hutangaza mzunguko wa upande wa pili ambao haupo. Sikio liliumbwa kwa ajili ya mtu anayetembea, naye mtembeaji huwa na jicho la kulisahihisha.

Marubani wa kwanza hawakulijua hili, na wengi walikufa wakidhani aliyekufa mbele yao hakuwa na kipaji. Mwaka 1926 rubani wa jeshi la Marekani, William Ocker, aliketishwa kwenye kiti cha kuzunguka na daktari, akafumbwa macho, akaulizwa anazunguka upande gani. Alikosea. Alirudi baadaye na kisanduku alichokitengeneza, ndani kikiwa na kipima kona na taa, akachungulia humo akizungushwa, akapatia kila mara. Kwa maoni yangu kisanduku hicho kinastahili heshima sawa na ndege yoyote iliyoko makumbusho. Tarehe 24 Septemba 1929, katika uwanja wa Mitchel Field karibu na New York, James Doolittle aliruka kwa dakika 15 hivi na kutua akiwa amefunikwa asione nje hata kidogo, akitumia upeo bandia na kionyesha mwelekeo vilivyotokana na kazi ya Elmer Sperry mdogo, altimita ya Paul Kollsman, na mawimbi ya redio. Luteni Benjamin Kelsey alikaa kiti kingine kwa ajili ya usalama. Mwaka huohuo, hapa Nairobi, Florence Kerr Wilson alianzisha kampuni ya ndege ya Wilson Airways, na ndilo jina ambalo uwanja unalibeba mpaka leo.

Mwaka 1954 Chuo Kikuu cha Illinois kilichukua marubani 20 wasio na mafunzo ya vyombo na kuwatia katika hali ya kutoona nje. Wote waliipoteza ndege. Kwa wastani ilichukua sekunde 178. Namba hiyo hutajwa sana ili kutisha, na ni sawa itishe. Sehemu isiyotajwa sana ndiyo ninayoipenda: baada ya mafunzo mafupi ya mbinu moja rahisi, ya kutulia, kutumia vyombo vichache na kugeuza ndege nusu duara kutoka walikotoka, karibu kila jaribio lilifaulu. Ufundi huu hufundishika. Hauhitaji damu ya pekee.

Baada ya kuegemea kule, darasa lilianza hasa. Walikuwa wamefika futi 8,000, mwendo noti 100. Kapteni aliomba kona ya kawaida, ile ya digrii tatu kwa sekunde, duara zima kwa dakika mbili. Kwa mwendo ule inataka mabawa yalale digrii 15 na kidogo. Nikaanza kuyatazama macho ya binti kwenye kioo kidogo kilichokuwa mbele. Upeo, kisha mwelekeo, kurudi upeo. Upeo, altimita, kurudi upeo. Upeo, kipima kona, mwendo, upeo. Jicho halikai. Anayekaza macho kwenye chombo kimoja kinachomsumbua hupoteza vitano vilivyobaki, na anayevizunguka vyote kwa mpango uleule bila kuuliza swali huona namba asizozisikia. Kila kituo kina swali lake: kimo kimeshuka futi 40, je, pua iko chini au bawa limelala mno? Kipima kupanda na kushuka kinasemaje? Je, mwendo umeongezeka? Mashahidi watatu wakisema pua iko chini, mkono huinua pua kwa upana wa mstari mmoja, husubiri, huuliza tena.

Na mikono! Mwanzoni alikuwa ameushika usukani kwa vidole vyote, na ndege ikawa inayumba kwa sababu yake. Kapteni alimwambia aweke kidole gumba na viwili tu. Halafu akamwonyesha gurudumu la trimu kando ya goti, linaloondoa mzigo wa usukani hadi ndege ikae yenyewe. "Ikikaa, iache," alisema. Binti aliachia usukani kabisa kwa sekunde chache, na ile Cessna ikabaki pale pale ndani ya weupe, mabawa sawa, kimo hakijasogea. Ndege iliyosawazishwa vizuri inajua kuruka. Kazi kubwa ya rubani ni kutoivuruga. Nilimwona binti akishusha pumzi.

Redio ndiyo iliyombomoa. Mwongozaji alitoa mwelekeo mpya, kimo kipya na mawimbi mapya katika sentensi moja, binti akainama kuandika, na aliponyanyua kichwa upeo ulikuwa umelala digrii 20 na kimo kimepungua futi 200. Kuinamisha kichwa katikati ya kona huchanganya mifereji miwili ya sikio kwa pamoja, na kizunguzungu chake ni kikali. Aliganda. Kapteni alisogeza mkono karibu na usukani bila kuugusa, akauacha hapo. Binti akaanza tena mwanzo, kama alivyofundishwa: mabawa kwanza, pua baadaye, injini mwisho. Ilimchukua sekunde nane au tisa, akaupata mstari. Ndipo akamjibu mwongozaji. Ule mkono wa mwalimu uliosimama hewani, tayari na usiotumika, ni kazi ngumu kuliko kuruka. Angeugusa usukani, angemwokoa, na angemnyima sekunde zile.

Kapteni pia alimkumbusha kuvuta hewa ya moto ya kabureta, kwa sababu hewa yenye unyevu hupoa sana inapopita humo na barafu inaweza kujijenga ndani ya injini hata siku ambayo nje hakuna ubaridi wa kugandisha. Kisha rada ikawashusha hatua kwa hatua juu ya nyanda. Tulitoka chini ya wingu tukiwa na uwanja upande wa kushoto, umbali wa kuonekana vizuri, na kutua kulikuwa kwa kawaida.

Ndani ya chumba cha mafunzo Kapteni alifungua logibuku ya binti na kuandika saa ya siku hiyo kwenye safu ya vyombo, dakika za wingu halisi zikiwa zimetengwa na zile za kofia. Akachora dashibodi kwenye karatasi, akamtaka aonyeshe kwa mshale jicho lake lilikuwa wapi bawa lilipoanza kushuka. Alionyesha altimita bila kusita. Wakaongea juu ya kuandika kibali bila kuinama: ubao wa kufunga pajani uinuliwe, maneno yafupishwe, na mwongozaji aambiwe asubiri ikiwa ndege haijatulia. Mwisho mzee alitoa mfukoni vifuniko viwili vya mpira vya mviringo, vya ukubwa wa uso wa chombo, akaviweka juu ya meza. Safari ijayo, alisema, ataufunika upeo bandia na kionyesha mwelekeo wakiwa winguni, na kesi itasikilizwa na wanne waliobaki.